Pampu ya Siku Mbaya

Ukuta unaotenganisha chumba changu na chumba cha mkwe wangu ni wa matofali, lakini upande wangu haukupigwa plasta, na pale kitanda changu kilipoegemea kuna tofali moja limelegea. Kupitia tofali hilo nilikuwa nasikia kifua chake. Waoka mikate hulala mchana, wakishamaliza kazi ya alfajiri, na mimi kwa umri wangu pia najinyoosha mchana, kwa hiyo tulikuwa tunalala saa zilezile, yeye kwake, mimi kwangu. Sauti ilikuwa nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka kwenye jiko la nyumba ya pili. Nikiisikia najiambia, haya, bado yupo. Nilishazoea kuogopa kwa namna hiyo, kidogokidogo, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Mtaa mzima unamwita Fundi. Alimuoa binti yangu, mtoto wangu wa pekee, na mzee wangu alipofariki wakanichukua nikae nao nyuma ya duka la mikate. Kazi yangu pale si kubwa. Napaka mafuta mikebe ya kuokea kwa kitambaa, pembe zote nne, maana mkate ukinata pembeni umeharibika. Mikate ikishapoa naifunga kwenye karatasi, na nakaa dirishani kuuza. Binti yangu anashughulika na wateja wakubwa na kuagiza unga. Fundi ndiye anayekanda, anayekata, anayetia tanurini.

Ni mtu mrefu, mpole, mwenye adabu kupita kiasi. Miaka yote hiyo hajawahi kukaa mbele yangu bila shati. Hajawahi kupiga chafya mbele yangu akaiachia yote. Kikohozi kikimbana anatoka uani, anakohoa huko, anarudi anasema, "Samahani, mama." Siku moja nilimwambia binti yangu, "Huyu mumeo siku ya kufa ataniomba radhi kwanza kwa kunisumbua." Tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Alipoanza kubanwa kifua alisema ni mafua, halafu akasema ni vumbi la barabarani. Mwishowe binti yangu akamburuta zahanati. Walirudi na jibu. Pumu, na kinachomchokoza ni unga wa ngano, ule unaopeperuka. Mtu aliyekula unga, akavaa unga, akasomesha watoto kwa unga, unga huohuo unamkaba. Kwenye mfuko wa karatasi walikuwa na pampu mbili za kuvutia dawa kifuani, moja ya bluu, moja ya kahawia.

Tulizungukia meza ya kukandia, sote watatu, tukazitazama kama watu waliouziwa kuku wawili wakaambiwa wachague wa kuchinja.

"Hii ya bluu daktari kasema nivute nikibanwa," alisema Fundi. "Hii nyingine kasema kila siku."

"Kila siku, hata ukiwa mzima?" niliuliza.

"Hata nikiwa mzima, mama."

"Na ukishavuta hii ya kahawia usukutue mdomo, uteme," alisema binti yangu. "Alirudia mara mbili hilo. Tena ndiyo ya bei kubwa."

Nikaishika ile ya kahawia, nikaigeuza. Ilikuwa kwenye boksi lake, na ndani karatasi la maandishi madogo lililokunjwa mara nyingi kama barua ya mahakama. Dawa ya bei kubwa, yenye maonyo mengi hivyo, ambayo mtu akishaivuta lazima asukutue mdomo. Hapo hapakuwa na mjadala. Binti yangu ndiye aliyelitamka, lakini lilikuwa vichwani mwetu sote.

"Hiyo ni kali," alisema. "Dawa mpaka usukutue mdomo si ya kuchezea. Ukiizoea, siku ukizidiwa utavuta nini?"

Fundi akaitikia kwa kichwa. Sisi tuna debe moja la unga mlaini wa daraja la kwanza ambao haumwagwi kwenye mkate wa kawaida, unangojea oda ya harusi au ya ofisi kubwa. Ndivyo tulivyoifanyia pampu ya kahawia. Binti yangu akaifunga na boksi lake kwenye leso, akaiweka kabati la vyombo vya wageni, nyuma ya birika la maua. Tukaipa jina: pampu ya siku mbaya. Ya bluu ikaenda mfukoni mwa Fundi, ikawa ya kila siku.

Nayo ikafanya kazi kwelikweli. Akivuta, baada ya muda mfupi mabega yanashuka, anaendelea kukanda. Mwanzoni ilikuwa mara mojamoja. Baadaye nikaona anaitoa kabla ya kuchekecha unga na baada ya kuchekecha. Halafu kabla ya kubeba gunia. Halafu akiwa amekaa tu. Sauti ya pale kwenye tofali ikawa haipotei. Nikimuuliza ananiambia, "Sijambo, mama, ni uchovu," na kwa adabu yake anageukia tanuri.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo. Mikate ya alfajiri ilikuwa imeshatoka, na jirani yetu mwenye kigari cha kuisambazia alikuwa ameshaondoka nayo. Huyu tunamwita Breki, kwa sababu kigari chake hana uhakika kama kinazo. Watoto wako shule. Binti yangu alikwenda kwa wauza unga wa jumla, akaniachia simu ya duka. Tulibaki wawili, mimi na Fundi.

Nyumba yetu ina utaratibu wa magunia. Gunia likiisha halitupwi. Tunaligeuza nje ndani, tunalikung'uta kwa fimbo juu ya turubai, na ule unga uliojificha kwenye mishono tunaukusanya wa kunyunyizia meza. Kisha magunia yanauzwa kwa watu wa mkaa. Tangu zahanati, kazi hiyo ilikuwa ya binti yangu, na aliifanya uani. Lakini siku hiyo hayupo, mtu wa magunia alikuwa anakuja mchana, na uani upepo unachukua kila kitu.

Niliinuka nichukue fimbo. Fundi akaniwahi.

"Mama, wewe ukung'ute magunia na mimi nipo? Nitamwambia nini mwanao?"

"Mwambie bibi alikuwa anafanya mazoezi."

Akacheka kidogo, akayabeba yote begani, akaingia nayo stoo. Kwa ajili ya upepo akafunga mlango, nikasikia na komeo likiingia.

Nikarudi kwenye mikebe yangu. Nilikuwa nasikia fimbo kule ndani, pu, pu, pu, mapigo ya mtu mwenye nguvu. Chini ya mlango unga ulikuwa unatoka kama moshi mweupe, unatambaa kwenye sakafu. Nikapaka mkebe, nikapaka mwingine. Fimbo ikawa inapiga halafu inangoja. Inapiga, inangoja zaidi. Nikangojea akohoe. Hakukohoa. Fimbo ikaacha.

"Fundi?"

Kimya.

"Baba, umemaliza?"

"Na... kuja... mama."

Kuna namna ya kusema "nakuja" ambayo neno linakatika katikati kama uzi uliooza. Nikaweka kitambaa chini, nikaenda mlangoni, nikausukuma. Komeo. Nikagonga kwa kiganja.

"Fungua."

"Dakika... tu."

Nilimuelewa. Alikuwa anangoja apate nafuu kwanza ndiyo afungue, nisimuone katika hali ile. Mtu anakosa hewa chumba kimejaa unga, na anachofikiria ni heshima ya mama mkwe.

"Fungua mlango sasa hivi, au naita mtaa mzima."

Komeo likavutwa. Akatoka amejaa unga mpaka kwenye kope, akapita mbele yangu hakuniangalia, akafika meza ya kukandia, akaishika kwa mikono miwili, akainama. Mabega yalikuwa yanapanda mpaka masikioni. Shingoni, pale juu ya kifua, ngozi ilikuwa inazama kila akivuta, inabonyea ndani kama mtu anaifyonza kwa mrija. Filimbi ya kifua ilikuwa kubwa, inasikika chumba kizima.

"Umevuta?" nikamuuliza.

"Nimevuta... ile ndogo. Hai... jasaidia." Akapumzika. "Mama. Ile... ya siku mbaya."

Nilikwenda kabatini nusu nikimbie. Birika la maua nililitoaje sijui mpaka leo, tulilikuta baadaye sakafuni halijavunjika. Leso ikanishinda mafundo, nikaifungua kwa meno. Nilikuwa na hofu, ndiyo, lakini nilikuwa na tumaini kubwa vilevile, kwa sababu mkononi nina dawa kali ambayo haijaguswa. Tuliiwekea siku hii hasa.

Akavuta. Wingu dogo likatoka pembeni mwa mdomo. Akavuta tena. Tukangoja.

Nilimtazama mabega yashuke kama yanavyoshuka siku nyingine. Hayakushuka. Nikajiambia dawa kali huenda huingia polepole. Akavuta tena. Nje mteja akagonga dirisha akaita, "Bibi, mkate," sikumjibu, akaondoka akinung'unika. Fundi akavuta tena. Jasho lilikuwa linashuka usoni, linachimba mifereji kwenye unga.

Na hapo ile filimbi ikaanza kupungua. Ikawa nyembamba, ikawa ya mbali, ikaisha.

Nikasema moyoni, ahsante Mungu, imefanya kazi. Nikamshika bega nimwambie, pole baba, yamekwisha. Bega lilikuwa gumu kama jiwe. Nikamtazama usoni. Midomo yake haikuwa na rangi ya midomo, ilikuwa ya majivu. Macho yamenikodolea. Tumbo linakwenda ndani na nje haraka, kifua hakiendi popote. Alifungua mdomo aniambie kitu, na halikutoka hata neno moja.

Kifua kilikuwa kimenyamaza, na yeye alikuwa hajapona. Sikujua maana yake wakati ule, ila mwili wangu ulijua. Nilihisi baridi kichwani, kwenye ngozi chini ya nywele.

Simu. Miwani ilikuwa kichwani mwangu na nilikuwa naitafuta mezani. Kwenye simu binti yangu aliandika "Dawa" jina la mfamasia wetu, mwanamke mwenye duka la dawa mtaa wa pili, anayenunua mkate kwetu kila siku. Nikabonyeza, nikabonyeza na alama ya kipaza, nikaiweka mezani katikati ya unga.

"Shikamoo mama. Leo mmebakiza ule wa maziwa?"

"Mwanangu, Fundi hapumui."

Sauti yake ikabadilika palepale. "Amekaa au amelala?"

"Amesimama, ameshika meza."

"Mkalishe. Wima, asilale, aegemee mbele. Anaongea?"

"Haongei. Lakini kifua kimeacha kulia."

"Umempa nini?"

"Ya kahawia. Ile kali. Amevuta nyingi."

"Nani kawaambia ni kali?"

Nilikuwa namsukumia Fundi kigoda kwa mguu.

"Mama, sikiliza. Hiyo haijamdhuru, lakini haitamsaidia sasa hivi. Iweke chini. Nataka ya bluu. Iko wapi ya bluu?"

"Hiyo ndogo alishavuta, ikashindwa."

"Si ndogo. Alivuta hovyo na haikuingia. Iko wapi?"

Nikamuuliza Fundi kwa macho. Naye macho yake yakashuka chini, upande wa kulia, kwenye mfuko wa suruali. Mikono yote miwili ilikuwa imeshikilia ukingo wa meza, na niliona kwamba akiiachia ataanguka.

Mkono wangu ukaenda, ukasita hewani. Suruali ya mkwe. Mtu ambaye kabla ya siku hiyo sijawahi hata kumgusa mkono zaidi ya salamu, ambaye nikiingia sebuleni anasimama. Akaniona nilivyosita, na akatikisa kichwa, polepole, hapana. Midomo ya majivu, na bado ananiambia hapana, mama.

"Baba," nikamwambia, "aibu tutaiona baadaye."

Nikatia mkono. Mfuko ulikuwa wa kina, na kwenye kitako chake unga umejaa kama kila mfuko wa nguo zake. Funguo. Kipande cha uzi wa kufungia. Kibiriti. Halafu plastiki, yenye joto la mwili wake. Muda wote huu ilikuwa hapa, shubiri moja kutoka mkononi mwake, wakati nafungua leso kwa meno.

"Ninayo," nikasema kwenye simu.

"Itikise. Kifuniko toa. Kuna unga ndani ya mdomo wa pampu?"

Ulikuwepo. Nikaupuliza, nikaufuta kwa kidole.

Nikamtia mdomoni, nikabonyeza. Dawa ikarudi yote, ikatoka kama moshi wa sigara. Hakuwa na nguvu ya kuvuta.

"Inamwagika, mwanangu. Haingii."

"Una chupa ya maji, ya plastiki?"

Iko, ya maji ya kunywa, juu ya debe la hamira.

"Mwaga maji. Toboa kitakoni, tundu linalotosha mdomo wa pampu, usilifanye kubwa. Mdomo wa chupa yeye, pampu nyuma kwenye tundu. Ukibonyeza dawa itakaa mle ndani ya chupa, itamngoja. Hahitaji kuvuta kwa nguvu."

Tuna kisu chembamba cha kuchanjia mikate mgongo kabla ya kuingia tanurini. Kwa kisu hicho nikatoboa. Mara ya kwanza kiliteleza kikanikata kidole cha shahada, na nikaendelea. Nikachonga tundu la mviringo mrefu, nikalijaribisha, nikachonga tena upande mmoja. Mikono yangu inatetemeka hata kwenye kikombe cha chai, lakini pale haikutetemeka.

Nikampa mdomo wa chupa. Nikachomeka pampu nyuma. Nikabonyeza. Ndani ya chupa likasimama wingu jeupe, dogo.

"Avute taratibu, apumue mlemle," simu ilikuwa inasema. "Mara kadhaa. Halafu itoe, tikisa, tena. Moja moja, usizirundike. Nampigia Breki kwa simu nyingine. Atakwenda hospitali hata akipata nafuu, umenisikia mama?"

"Nimesikia."

Wingu likaenda. Nikatikisa, nikabonyeza, likasimama jingine. Damu ya kidole changu ilikuwa imepaka chupa. Macho yake hayakuniacha. Nilikuwa namwambia vuta baba, toa baba, vuta, kama mkunga anavyomwambia mama anayejifungua, na kila wingu likipotea nilikuwa naona kama limepotea bure.

Kisha nikasikia kitu. Nyembamba sana, mwisho wa pumzi. Fii.

"Kinalia," nikasema. "Kifua kinalia tena."

"Vizuri," sauti ya mfamasia ikasema, na nikasikia naye alikuwa ameibana pumzi yake. "Vizuri sana. Endelea."

Miaka yote nimeichukia ile filimbi. Siku hiyo niliisikiliza kama mtu anayesikia mtoto amelia baada ya kuzaliwa. Ikaongezeka, ikajaza chumba, na kwenye midomo yake rangi ikaanza kurudi, kwanza katikati. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Samahani... mama."

"Nyamaza uvute," nikamwambia.

Breki aliingia bila kubisha, na kofia yake mkononi. Alimtazama Fundi, akanitazama mimi na chupa yenye damu. Akamchukua Fundi kwapani. Kwenye gari tulimkalisha mbele, mimi nikajibana kati yake na mlango, trei tupu zinagongana nyuma.

"Niendeshe vipi, mama?" Breki aliuliza.

"Usishike breki."

"Leo hata nikitaka," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Hospitali walimpokea mlangoni. Walimvika barakoa yenye mrija, mashine ikaanza kunguruma, mvuke ukatoka. Wakampa oksijeni na vidonge. Nesi aliniambia dawa iliyo ndani ya mvuke ule ni ya jamii moja na pampu ya bluu. Binti yangu alifika na unga wa dukani kwenye viatu, akasimama kando ya kitanda akamshika mumewe mguu. Mimi nilifungwa kidole. Bado nilikuwa naogopa. Kila mashine ilipobadilisha mngurumo niliinuka.

Daktari alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu. Tulipomweleza habari ya pampu ya siku mbaya hakutucheka. Akavuta mkono wa koti lake jeupe, akatuonyesha.

"Njia ya hewa ni kama mkono huu wa koti," alisema. "Pumu inaishambulia mara mbili. Nje imezungukwa na misuli. Ikichokozwa, misuli inakaza hivi." Akaukamata mkono wa koti kwa kiganja, akaubana. "Pampu ya bluu inalegeza misuli hiyo. Dakika chache, umeachia. Lakini ndani nako bitana imevimba, imetoa makamasi mazito. Bluu haishughuliki na uvimbe. Ya kahawia ndiyo inayotuliza uvimbe, na haina haraka. Inataka kila siku, asubuhi na jioni, siku kwa wiki, ndiyo uone. Hata vidonge nilivyompa leo, vinavyofanya kazi kama hiyo ya kahawia, vitachukua saa kadhaa."

"Kwa hiyo alipokuwa anaivuta pale..." alianza binti yangu.

"Ni kama kumpigia mtu simu aje kesho. Na miezi yote hii ndani kulikuwa kunavimba, bluu inafungua, kunavimba zaidi. Ukiona mtu anahitaji bluu kila siku, huyo tayari anaumwa, hata kama anakanda mikate."

Kutoka chini ya barakoa Fundi akasema kitu.

"Unasemaje?" Daktari aliinama.

"Hamira."

"Anaweweseka?" Breki aliuliza kutoka mlangoni.

Fundi akainua barakoa kidogo. "Ya kahawia ni hamira. Huwezi kuitia... mkate ukiwa umeshaingia tanurini."

Nilimuona binti yangu akifunga macho. Sisi wote nyumba nzima tunakula kwa hamira, tunaitia usiku ili ikatufae alfajiri, na hatukuijua tulipoletewa ya kifuani.

"Na kule kusukutua mdomo?" nikauliza, maana hilo lilikuwa limenikaa.

"Isibaki mdomoni ikaleta utando mweupe. Basi."

"Si kwa sababu ni kali."

"Si kwa sababu ni kali, mama."

Nikamuuliza na la mwisho, habari ya kifua kilivyonyamaza. Aliangalia kwanza kama Fundi anasikia, akanisogeza kando. "Filimbi inapigwa na hewa inayopita kwenye njia nyembamba," alisema. "Ikiacha na mtu hajapata nafuu, ni kwamba hata hewa ya kuipigia hakuna." Akanigusa mkono uliofungwa. "Mlibakiwa na muda mdogo sana."

Nilikaa kwenye benchi la korido mpaka binti yangu alipokuja kuniinua.

Sasa magunia hatukung'uti tena, mtu wa mkaa anayachukua na unga wake. Binti yangu ndiye anayechekecha, uani, Fundi akiwa mbali, na akikanda amevaa barakoa nzito waliyompa hospitali. Daktari amesema hata hivyo huenda ikabidi siku moja aache kabisa unga, na hilo bado linatukaa kooni, hatulizungumzi tukiwa mezani. Pampu ya kahawia imetoka kwenye vyombo vya wageni. Inakaa juu ya debe la hamira. Akimaliza kuloweka hamira anavuta na yake, kwa chupa ya kununua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha anasukutua, anatema. Wiki za mwanzo aliniambia, "Mama, sioni inachofanya." Nikamwambia atazame bakuli lake la hamira aniambie anaona ikifanya nini.

Juzi mchana nilikuwa nimejilaza. Upepo ulikuwa unavuma uani. Nikatega sikio kwenye tofali kama kawaida yangu, na hapakuwa na kitu. Wala filimbi, wala birika la jirani. Nikangoja. Kimya. Binti yangu amekwenda kwa wateja. Moyo ukaanza kunidunda, maana mimi sasa najua kimya kinaweza kuwa nini. Nikasema ni dawa imefanya kazi. Nikasema, na siku ile pia ulisema hivyo. Nikaketi. Nikagonga tofali kwa kifundo cha kidole.

"Baba?"

Hakujibu. Nikagonga tena, kwa nguvu, mpaka vumbi la udongo likaanguka kwenye mto wangu. Nilikuwa nimeshateremsha mguu mmoja, natafuta ndara, nimeshaamua kwamba nitaingia chumba cha mkwe wangu hata awe amevaaje.

Upande wa pili kitanda kikalia. Kisha, mtu huyu ambaye hajawahi kukohoa mbele yangu, akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kizima, cha makusudi, cha kunijulisha.

"Nipo, mama," akasema. "Lala."